Gari la kukodi Maskati: huduma nzuri, mkataba wa kusoma kwa makini

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Unguja au Mombasa kwenda Oman kutembelea ndugu na kuiona nchi, gari la kukodi ndilo linalomfikisha mbali. Mabasi ya Mwasalat yapo na yanakwenda mpaka Salalah, na mjini Maskati teksi inaitwa kwa programu ya OTaxi. Lakini anayetaka kuamkia soko la Nizwa, mchana awe Misfat al Abriyeen na kesho yake alale Sur, bila usukani wake mwenyewe hatafika. Tathmini hii ni ya huduma hiyo kama inavyotolewa kwenye kaunta za uwanja wa ndege wa Maskati na ofisi za mjini: gari unalokabidhiwa, karatasi unazosaini, na mambo ambayo mtu wa kaunta hayataji ingawa ndiyo yanayojeruhi watu na kuwamaliza wageni mifuko.

Magari yenyewe ni mazuri, na hilo lisemwe mapema. Mengi ni mapya, gia otomatiki, kiyoyozi chenye nguvu, na gari dogo la abiria kwa kawaida huanzia riyali 10 hadi 15 kwa siku. La 4x4 ni riyali 25 hadi 40, na msimu wa baridi, kuanzia Novemba mpaka Machi, bei hupanda. Barabara kuu ni laini na pana, alama zimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Panapopwaya ni kwenye maelezo ya bima na kwenye ukaguzi wa gari kabla ya kuondoka. Hapo mgeni anaharakishwa, anasaini, anapewa ufunguo.

Tuanze na leseni. Kaunta itaomba leseni ya nyumbani pamoja na leseni ya kimataifa ya udereva, na polisi barabarani wanaweza kuzitaka zote mbili. Leseni ya kimataifa hutolewa katika nchi iliyokupa leseni yako, kwa hiyo ukiisahau huwezi kuipata Maskati. Kenya hutolewa na AA Kenya, Tanzania na chama cha magari cha AAT, na muda wake ni mwaka mmoja. Jina lililoandikwa humo lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Kampuni nyingi zinataka dereva awe na miaka 21 kwa gari dogo na 25 kwa 4x4, tena awe na kadi ya mkopo yenye jina lake, kwa kuwa amana inazuiwa humo. Kadi ya kawaida ya benki hukataliwa mara nyingi hata ikiwa na pesa ya kutosha.

Usukani uko kushoto na gari linakwenda kulia. Dereva wa Afrika Mashariki anafikiri atazoea ndani ya dakika kumi, na kweli, barabara kuu atazoea, kwa sababu magari mengine yanamwongoza. Hatari iko pale anapokuwa peke yake: anatoka kituo cha mafuta saa kumi na moja alfajiri, barabara ni tupu, mikono inampeleka kushoto kama alivyozoea tangu alipojifunza, na gari la kwanza kutokea linamjia uso kwa uso. Kanuni inayofaa ni moja, na inafaa huku na kule: mwili wa dereva uwe upande wa katikati ya barabara. Ukijiona umekaa karibu na ukingo, uko upande usio wako.

Makosa mengine mawili ni ya uhakika kwa siku ya kwanza. Toyota za kwetu zenye usukani wa kulia zina mkono wa indiketa upande wa kulia na wa waipa upande wa kushoto. Za Oman ni kinyume, hivyo utakipangusa kioo badala ya kuonyesha kwamba unakata kona, na dereva aliye nyuma hatajua unakokwenda. La pili, bodi ya gari sasa imebaki kulia kwako, nawe umezoea iwe kushoto. Wageni hujisogeza kulia bila kujijua, wanakwangua rimu kwenye ukingo wa saruji na kuvunja saiti mira ya kulia. Kabla ya kutoka maegesho ya uwanja wa ndege, zunguka humo mara kadhaa, piga rivasi, egesha katikati ya mistari, kisha shuka uangalie umeacha nafasi kiasi gani kila upande. Robo saa hiyo inalipa.

Kipilefti kinakwenda kinyume na saa. Magari yaliyomo ndani yanakujia kutoka kushoto, na hayo ndiyo yenye haki. Shingo iliyozoea kugeuka kulia igeuzwe kushoto kwa makusudi. Ukiwa unatokea njia ya kwanza au unakwenda moja kwa moja, kaa nje, upande wa kulia. Ndani kabisa ni kwa wanaozunguka kwenda kushoto au kurudi walikotoka. Ukipitwa na njia yako usikate ghafla. Zunguka tena. Na unapovuka kwa miguu, tazama kushoto kwanza.

Mwendo kwenye barabara kuu ni kilomita 120 kwa saa, unashuka kwa hatua karibu na miji, na kamera ni nyingi mno. Magari ya Ghuba hulia kengele ukivuka 120. Isikukere hiyo, iache ikusaidie. Njia ya kushoto ni ya kupita tu. Anayekumulika taa kwa nyuma anataka nafasi. Toa indiketa, rudi kulia taratibu, mwache aende. Mkanda ni lazima, simu mkononi ni kosa, na pombe kwa dereva haina kiwango kinachovumiliwa, hata kidogo.

Sasa gari lenyewe. Watu wa kaunta hupenda kuonyesha mikwaruzo, na ni vizuri ipigwe picha, lakini mkwaruzo haumuui mtu. Tairi linaua. Kila tairi lina maandishi ya DOT yanayomalizikia na tarakimu nne: 2322 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2022. Lililopita miaka mitano likatae, hata kama kashata, yaani michoro ya juu ya tairi, bado zinaonekana, kwa sababu mpira unaokaa kwenye jua la Ghuba hukauka na kupasuka pembeni kabla haujaisha juu. Piga tochi ubavuni, uone kama kuna nyufa ndogo au uvimbe. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kati ya psi 32 na 35 kwa gari dogo, na hupimwa tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, linapata joto, na likiwa juu ya lami ya kiangazi kwa mwendo wa 120 linachanika. Wengi hukosea upande wa pili: wanapima baada ya safari ndefu, wanaona psi 37, wanatoa upepo. Ongezeko la psi 4 au 5 kwa joto la safari ni la kawaida. Ukilitoa, kesho asubuhi tairi litakuwa pungufu.

Fungua buti. Tairi la akiba la magari mengi madogo ni jembamba, la kukusogeza kwa mwendo usiozidi 80 mpaka kwa fundi, si la kuendelea nalo na safari. Hakikisha jeki ipo, spana ya nati ipo, pembetatu ya tahadhari ipo. Ikikosekana moja, rudi kaunta kabla hujasaini. Wanaleta, tena kwa haraka, ila usipouliza hawaleti. Likikupasukia njiani usikanyage breki kwa nguvu: shika usukani kwa mikono yote miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue lenyewe, kisha sogea kwenye bega la barabara upande wa kulia.

Bima ndiyo sehemu inayohitaji subira. Unayopewa ndani ya bei mara nyingi inaitwa bima kubwa, lakini ina kiasi ambacho unalipa wewe kwanza kabla kampuni ya bima haijatoa chake, na kwa 4x4 kiasi hicho ni kikubwa kuliko cha gari dogo. Ukilipia nyongeza ya kila siku kinapungua au kinaondoka. Kwa anayeendesha kulia kwa mara ya kwanza, nyongeza hiyo inastahili pesa yake. Hata hivyo, soma orodha ya yasiyolipwa. Karibu kila mkataba unaacha nje matairi, vioo, sehemu ya chini ya gari, uharibifu wa maji, na chochote kitakachotokea nje ya lami. Muulize mtu wa kaunta kwa maneno haya haya: barabara ya changarawe inaruhusiwa? Mchanga je? Nikipasua kioo kwa kokoto, analipa nani? Jibu liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu atakayepokea gari siku ya kurudisha si yeye. Gari kuwa 4x4 hakumaanishi mkataba unakuruhusu kwenda kokote. Uliza pia kilomita. Wengi wanatoa 200 au 250 kwa siku, na zinazozidi zinalipiwa moja moja.

Maji. Mgeni huisikia Oman kama nchi ya jangwa, anaogopa joto, haogopi mvua. Barabara nyingi za bara zinakatiza wadi, yaani makorongo ambayo mwaka mzima huwa makavu. Milima ya Hajar ni mwamba mtupu, haina udongo wa kunywa maji, kwa hiyo mvua ikinyesha juu inateremka yote kwa pamoja. Mafuriko yanaweza kukufikia chini ya anga ya buluu, kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali usikokuona. Aprili 2024, huko Samad al Shan katika wilaya ya Al Mudhaibi, maji yalisomba gari lililobeba wanafunzi, na watoto wakafa. Hao walikuwa wenyeji, katika eneo lao wenyewe.

Penye kivuko utaona nguzo zenye alama nyeupe na nyekundu. Maji yakifika kwenye nyekundu, simama. Ushauri wetu ni mkali zaidi: yakiwa yanakimbia na ni ya rangi ya udongo, simama hata kama ni ya kifundo cha mguu. Sentimita 15 zinatosha kukunyang'anya usukani, 30 zinaweza kulifanya gari dogo lielee, na 60 zinasukuma hata magari makubwa mengi, 4x4 yakiwemo. Tena maji ya udongo hayakuonyeshi kama lami iliyo chini bado ipo au imekatika. Utaona magari ya wenyeji yakipita na mengine yakipiga honi nyuma yako. Usiwafuate. Kuvuka wadi inayotiririka kwa makusudi ni kosa linaloweza kukupeleka gerezani, si faini peke yake, na bima haitoi hata baisa, senti ya huko. Mara nyingi maji hupungua baada ya saa chache. Rudi mji ulioupita, kunywa kahawa, subiri. Ukikamatwa ndani, fungua mkanda na shusha kioo mara moja kabla umeme wa gari haujakatika, toka dirishani, usihangaike na mlango. Na usiegeshe wala kupiga hema ndani ya korongo, hata kivuli kiwe kizuri namna gani.

Milimani, swali la gari gani linajibiwa na polisi. Kupanda Jabal Akhdar kuna kizuizi pale Birkat al Mawz, na gari lisilo 4x4 haliruhusiwi. Barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na wageni wengi hushangaa sababu ya sharti hilo. Wakishuka wanaielewa. Mteremko ni mrefu na mkali, kutoka uwanda wa Sayq ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, na anayeshuka kwa breki peke yake hufika katikati breki zinanuka na pedali imekuwa laini. Tia gia ndogo kabla hujaanza kushuka: kwenye otomatiki ni L, 2, au upande wa M halafu uteremshe mpaka ya pili. Injini ikinguruma, hiyo ndiyo kazi yake. Breki ikanyagwe kwa vipindi, kwa nguvu kidogo halafu iachwe, isikanyagwe polepole mfululizo. Ukisikia harufu, egesha mahali pana, ngoja nusu saa, na usimwagie diski maji. Pembeni kuna njia za dharura za kokoto zinazopanda. Zimejengwa kwa ajili ya gari lililoshindwa kusimama, zitambue unapopanda ili uzijue unaposhuka. Asiye na uzoefu wa milima akodi dereva mwenyeji wa 4x4 pale chini na kuliacha gari lake dogo hapo.

Kwa mchanga wa Sharqiya hukumu yetu ni ile ile. Tairi hupunguzwa upepo mpaka psi 15 hadi 18, unahitaji pampu ya kurudishia, kamba, na mwenzio mwenye gari la pili. Mikataba mingi inakataza. Kambi za jangwani hupanga gari la kukuchukua kutoka Al Wasil au Bidiyah kwa ada, na wanaoendesha ni watu waliokulia humo. Njia ya Wadi Bani Awf, kati ya Al Hamra na Rustaq, ni ya mawe, nyembamba, na kupishana ni kwa kurudi nyuma ukingoni mwa shimo. Si ya gari la kukodi la mtu anayejifunza kuendesha kulia.

Kwa safari ya Maskati, Nizwa, Bahla, Sur na Ras al Jinz, gari dogo linatosha kabisa. Usilipie 4x4 kwa heshima tu.

Salalah ni karibu kilomita 1,000 kutoka Maskati. Njia ya bara kupitia Adam na Haima imenyooka, joto linapepea juu ya lami, vituo vya mafuta vimeachana mbali, na usingizi unamjia dereva akiwa macho wazi. Anayesisitiza kwenda kwa gari ajaze tangi kila ikifika nusu, alale Haima, na asisafiri usiku. Ngamia hana taa. Miguu yake ni mirefu, hivyo bampa hupiga miguu na mwili wenye uzito wa mamia ya kilo huingia kupitia kioo cha mbele, usawa wa vichwa vya watu. Ukimwona mmoja, punguza mwendo sana, maana wapo wengine, na usimpigie honi ya kumkurupusha. Sisi tunapendekeza ndege, kisha gari la kukodi Salalah kwenyewe. Wakati wa khareef, msimu wa mvua za manyunyu, Juni 21 hadi Septemba 21, milima ya Dhofar inafunikwa na ukungu na manyunyu yanayoifanya lami iteleze. Hapo washa taa za chini. Taa kubwa hurudishwa na ukungu machoni mwako. Hazadi ni za gari lililosimama. Ukiziwasha unakwenda, walio nyuma hawajui kama unatembea, na indiketa zako hazionekani.

Wanaotaka Musandam, kipande cha Oman kilichojitenga kaskazini, wajue kwamba kwa barabara ni lazima wapite Falme za Kiarabu. Inahitajika barua ya ruhusa ya kampuni na bima inayokubalika nchi hiyo, ile kadi ya rangi ya chungwa. Omba siku unapoweka nafasi, si asubuhi ya safari. Baadhi ya kampuni hazitoi kabisa.

Ajali ikitokea, namba ya dharura ni 9999. Kukiwa na aliyeumia, usiondoke na usisogeze gari mpaka polisi waelekeze. Kama ni kugongana kidogo bila majeruhi, piga picha za magari yote mawili na namba zake, kisha yasogezwe pembeni kabla hayajagongwa na wengine, abiria wasimame ng'ambo ya kizuizi cha chuma, si kati ya magari. Ajali ndogo ina fomu yake, lakini mkataba wa kukodi karibu kila mara unataka karatasi ya polisi, hata kwa mkwaruzo wa maegesho. Bila karatasi hiyo bima inakufa na gharama yote ni yako. Ipigie kampuni simu hapo hapo, usingoje siku ya kurudisha.

Siku ya kurudisha, lioshe gari. Gari chafu mjini Maskati linaweza kupigwa faini, na kampuni nazo hutoza usafishaji kwa bei yao. Jaza mafuta, tunza risiti, piga picha za pande zote nne, dashibodi inayoonyesha kilomita na geji, na matairi. Mtu wa kampuni asaini mbele yako kwamba amelipokea salama. Ukirudisha usiku na kuacha ufunguo kwenye sanduku, ulinzi wako ni hizo picha tu. Amana haiachiwi siku hiyo: huzuiwa kwa wiki kadhaa, wakisubiri faini za kamera. Wakikutumia dai, omba tarehe, saa na mahali, ulinganishe na safari yako kabla ya kukubali. Faini ya kweli ina vyote vitatu.